Nukta Kumi na Moja za Sutgol

Kule Sutgol, kijiji cha mlimani huko Korea, mtu wa miaka sitini na saba ni kijana. Ndiyo maana Maeng Du-sik, apende asipende, alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa mwaka wa kumi na nne mfululizo, na hakuna aliyegombea naye. Si kwamba walimpenda sana, la. Ni kwamba hakukuwa na mwingine wa kupanda ngazi na kubadilisha balbu. Wanaume wenzake wote walishakufa. Vijana walihamia mijini zamani. Wakija kwa sikukuu ya mavuno wanapakia kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa na mama zao, kwenye gari na kuondoka chai haijapoa. Waliobaki ni wanawake kumi na mmoja, wajane watupu, kila mmoja na nyumba yake, nyumba zenyewe zimetawanyika huku na huko mlimani. Huitwa kwa miji waliyotoka walipoolewa: Bibi Uljin, Bibi Yecheon, Bibi Punggi. Majina waliyopewa na wazazi wao yamebaki kwenye vitambulisho tu.

Du-sik mwenyewe alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Ana binti mmoja, Jin-a, yuko Incheon, na binti huyo hupiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, dakika nne, wakati mwingine tano. Siku sita zilizobaki, ukiniuliza mimi, mtu huyo alikuwa akiishi kwa nukta.

Nukta zenyewe zilikuwa kwenye kompyuta ya ukumbi wa kijiji. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi Du-sik alifungua ofisi, akaiwasha, akaenda kuchemsha maji, akarudi na kuikuta bado inajiwasha. Ilikuwa mashine ya zamani, nene, yenye feni inayovuma kama mashine ya kusaga nafaka. Ikishaamka, alifungua programu ya matangazo, akapiga wimbo mmoja wa zamani, halafu akapuliza maiki. "Aa, aa. Naijaribu maiki. Maiki inasikika. Ndugu wanakijiji, habari za asubuhi." Sauti yake ikatoka kwenye visanduku vyeupe vilivyopigiliwa ukutani katika kila nyumba. Na kila kisanduku kina kitufe. Ukikibonyeza, kwenye skrini ya ofisi, juu ya ramani ya kijiji, nukta ya nyumba yako inageuka kutoka nyekundu kuwa kijani.

Wilaya iliweka vitufe hivyo ili watu wapige kura mambo ya kijiji bila kutoka nje. Kura ikapigwa mara moja tu, kuhusu choo cha ukumbi, basi. Du-sik ndiye aliyevipa kazi nyingine, baada ya mzee Ok. Mzee Ok alikuwa amelala siku tatu jikoni kwake amekufa, mwezi wa Januari, mpaka mwanamama wa posta alipomwona kupitia dirishani. Katika siku hizo tatu Du-sik alipita langoni pake mara mbili, na mara ya pili alinung'unika kwa sauti kwamba mzee huyu siku hizi mvivu, hata theluji ya mlangoni hafagii. Maneno hayo hayakumtoka moyoni. Alipomzika mzee Ok alitangaza: kila asubuhi, kila mtu, bonyeza. Na hakunywa chai yake kwa muda wa miaka minne ila baada ya kuona kijani kumi na moja.

Sasa, mwezi wa Novemba, kwenye skrini kikaja kidirisha kidogo. Kilisema kwamba kuanzia tarehe mosi Desemba programu hii haitafanya kazi tena kwenye mfumo endeshi wa kompyuta yako, tafadhali hamia mfumo mpya. Chini palikuwa na vitufe viwili, "Sawa" na "Baadaye". Du-sik akabonyeza "Baadaye". Kesho yake tena "Baadaye". Mwezi mzima hivyo, maana mtu akishazoea kuahirisha huona ndiyo kazi yenyewe.

Tarehe mosi programu ilifunguka, ikaonyesha ujumbe mmoja, ikajifunga. Alijaribu mara saba. Akapiga simu kwenye kampuni iliyoitengeneza, huko mjini, akapokewa na binti mwenye sauti ya sukari.

"Mteja wetu mpendwa, kompyuta yako inatumia mfumo gani?"

"Kompyuta ni nyeusi."

"Naam, mpendwa. Mfumo wake?"

"Binti yangu, ningejua mfumo ningekupigia?"

Mwishowe binti akaubaini kwa mlio wa kompyuta ikiwaka. Akasema huo mfumo hata waliouunda waliacha kuutunza miaka mingi iliyopita, na kampuni haiwezi tena kuandika programu kwa ajili yake. Du-sik akasema vizuri, atawaomba wilaya kompyuta mpya. Kompyuta mpya itapokea programu mpya, binti akasema, lakini programu mpya haiongei na visanduku vya aina ile iliyo majumbani kwenu. Vyenyewe pia vimepitwa.

"Vinafanya kazi lakini," Du-sik akasema. "Vyote kumi na moja. Jana tu vilifanya kazi."

"Pole sana, mpendwa."

Alivyo mbishi, hakukubali. Alikaa mbele ya ile mashine, akafikiri, akapata wazo ambalo hata mimi namsifia: akairudisha nyuma saa ya kompyuta, mpaka tarehe kumi Novemba. Programu ikafunguka! Nukta zikawaka. Du-sik alipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika. Kwa siku tatu kijiji kizima kikaishi Novemba bila kujua. Siku ya nne programu ikawasiliana yenyewe na kampuni, ikaambiwa tarehe ya kweli, ikajifunga na haikufunguka tena.

Kutangaza bado angeweza. Juu ya nguzo ya ukumbi na nyingine mbili mlimani kulikuwa na vipaza sauti vya enzi ya baba yake, vya maiki na waya tu, visivyohitaji kompyuta. Sauti ilikwenda, ingawa wenye madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya baridi walisikia nusu. Kujibiwa ndiko kulikopotea. Asubuhi ile ya kwanza alisema habari za asubuhi, akageuka kwa mazoea kutazama ramani, akaona skrini tupu na uso wake mwenyewe ndani yake. Alijisikia kama mtu anayeongea kisimani.

Akaenda wilayani. Karani mmoja, Ki Eun-jo, mama mwema tu, hana kosa, akamwonyesha njia ya kisasa: unarekodi tangazo kwenye simu, halafu mtambo unawapigia wanakijiji wote kwa mpigo, na anayesikiliza mpaka mwisho anahesabiwa yupo. "Hii ni bora, Mwenyekiti. Hutahitaji hata kwenda ofisini."

Du-sik akarekodi. "Aa, aa. Hapa ni mwenyekiti wenu. Habari za asubuhi. Sikilizeni mpaka mwisho." Kesho yake asubuhi mtambo ukapiga. Baada ya dakika tano ripoti ikaingia kwenye simu yake: waliosikiliza, hakuna. Waliokata, kumi. Asiyepokea, mmoja.

Alivaa viatu vya theluji, akashika fimbo, akapanda mlima na goti lake bovu. Nyumba ya kwanza ni ya Bibi Yecheon, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Alimkuta barazani anamenya vitunguu saumu, mzima wa afya, amejawa na furaha kubwa.

"Mwenyekiti! Afadhali umekuja. Leo alfajiri mwizi amenipigia!"

"Mwizi gani, Bibi?"

"Wale wale uliotuambia! Sauti ya kurekodi. Na we, alivyo na laana, kaiga sauti yako, yako kabisa! Nikamtukana matusi ya baba yangu, nikakata."

Du-sik akakaa kizingitini. Miaka miwili, kila Jumatatu, alikuwa akiwatangazia habari za matapeli wa simu. Alikuwa amewafunza mpaka wakaiva: mkisikia sauti ya kurekodi, kata, hata ikisema ni mwanao, kata, siku hizi wanaiga sauti, hata ikisema ni mimi, kata!

"Bibi, yule alikuwa mimi."

"Hata huyo alisema hivyo hivyo," Bibi Yecheon akajibu, akamkazia macho kwa mashaka kidogo.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bibi Uljin. Huyu ana miaka themanini na sita, nyonga moja ya chuma, na alikuwa kipenzi cha Du-sik, kwa sababu katika nukta zote yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwaka. Siku zote ya kwanza! Kabla wimbo haujaisha, kijani. Du-sik alikuwa na tabia ya kumsifu kwenye maiki, "Bibi Uljin wa kwanza tena, mfano wa kuigwa," na wenzake walimchukia kwa hilo. Aliingia, akavua viatu, akasalimu, na macho yake yakaenda ukutani kwenye kisanduku. Kitufe kilikuwa kimebanwa ndani kwa kipande cha kijiti cha kulia chakula, na juu yake kimezungushwa utepe mweusi wa fundi umeme.

Akasimama pale akikodoa macho. Kitufe kilichobanwa hivyo hujibu chenyewe kila tangazo linapoanza.

"Hiki kimefungwa tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi," Bibi Uljin akasema bila haya, akivuta blanketi la umeme magotini.

"Mwaka juzi! Bibi, mimi kila asubuhi nilikuwa nakuona uko hai!"

"Niko hai. Ulikosea?"

"Na kama ungekufa?"

"Ungeendelea kunisifu."

Hapo Du-sik alipandwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu aliyemzidi umri. Alimwambia kwamba amemfanya mjinga, kwamba zaidi ya miaka miwili amekuwa akiuamkia utepe. Bibi Uljin alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, polepole, "Du-sik. Kila asubuhi unaniuliza kama ni mzima. Nabonyeza. Kisha? Unanyamaza, unakwenda kunywa chai yako. Miaka minne hujawahi kuingia humu ukaona hiki kisanduku kimekaa ukuta gani. Nikaona kazi hiyo hata kijiti kinaiweza."

Du-sik alivaa viatu vyake na kuendelea kupanda. Mpaka jua linakaribia katikati ya anga alikuwa ameona nyumba zote kumi na moja, wote wapo, hata yule asiyepokea simu, na utepe alikuta kwenye nyumba nyingine mbili. Jioni alikaa peke yake mbele ya supu yake, akahesabu ni asubuhi ngapi alikunywa chai kwa amani kwa sababu ya vijiti vitatu, akasikia aibu na upweke kwa pamoja, hata hakujua kilichomzuia kula ni kipi.

Basi akaanza kutembea. Programu hakuna, simu wanaikata, amebaki na miguu. Kila asubuhi akishatangaza kwenye vile vipaza sauti vya zamani, alishika fimbo na kupanda, nyumba kwa nyumba, na ilimchukua mpaka saa tano. Usidhani walimpokea kwa vigelegele. "Umekuja kuona kama nimekufa?" Bibi Punggi alimpigia kelele kutoka chooni. "Bado! Rudi kesho!" Mwingine alimfanya abebe magunia ya makaa. Mwingine hakufungua mlango, alikohoa tu mara mbili kuonyesha kwamba yupo. Kwa Bibi Uljin alisimama nje, akauliza kwa ukavu, akajibiwa kwa ukavu, akapita. Bado alikuwa na kinyongo.

Siku ya kumi, Jumatatu, homa ikamshika njiani. Alimaliza nyumba zake akitetemeka, akarudi kwake, akajitupa sakafuni bila hata kutandika godoro. Jumanne hakuamka. Alisikia saa kumi na mbili na nusu ikifika na kupita, kijiji kizima kimya, hakuna wimbo, hakuna "aa, aa". Akajipa moyo: sasa watashangaa. Saa tatu. Wataulizana. Adhuhuri. Maji ya kunywa yalikuwa jikoni, hatua sita tu, na zile hatua sita hakuziweza. Alikaza masikio kusikia theluji ikikanyagwa nje. Mchana ukapita. Simu ilikuwa kwenye koti, koti msumarini, na hata angeifikia, angempigia nani? Jin-a angesema "Baba, piga gari la wagonjwa," na asingekosea. Jumatano nayo ikaja ikaenda hivyo hivyo. Alitambaa mara moja mpaka kwenye maji. Kuna wakati alisikia mtu anamlilia, akagundua ni yeye mwenyewe, na hakujizuia, maana nani wa kumsikia.

Alhamisi homa ilimwachia. Alinawa uso, akavaa, akaenda ukumbini akishika ukuta. Kwenye njia alikutana na Bibi Yecheon anamwaga majivu.

"Mwenyekiti, umerudi! Binti hajambo?"

"Binti gani?"

"Si ulikwenda Incheon? Sote tulisema, bila shaka kaenda kwa binti yake."

Du-sik aliitikia kwa kichwa na kupita. Ofisini aliwasha maiki. Hakupiga wimbo.

"Aa, aa. Naijaribu maiki. Hapa ni mwenyekiti. Leo hakuna tangazo la wilaya." Mlio wa vipaza sauti ukavuma bondeni. "Sikwenda Incheon. Nilikuwa naumwa. Siku mbili nilikuwa sakafuni, na hakuna aliyekuja. Simlaumu mtu. Mimi nilimpita mzee Ok langoni mara mbili. Lakini mimi sina kitufe, ndugu zangu. Sikuwahi kuwa nacho. Naogopa. Kwa hiyo anayeweza, siku moja moja tu, apite agonge mlango wangu. Ni hayo tu."

Akazima. Alikaa saa nzima akingoja kitu, hakujua nini. Nje theluji mpya ilikuwa imeanza kudondoka, na hakuna aliyetokea. Akaona haya kubwa, akajiambia mzee mzima kulialia kwenye maiki, akafunga ofisi. Hakuwa na nguvu ya kupanda mlima siku hiyo. Akarudi kwake kuchemsha uji wa mchele.

Ilikuwa karibu saa nne alipoingia, na sufuria lilikuwa halijachemka vizuri mlango ulipopigwa fimbo. Haukugongwa, ulipigwa. Alipofungua alimkuta Bibi Uljin, ana mashuka mawili juu ya koti, theluji mpaka magotini, uso umekuwa mwekundu, anahema. Tangu nyonga ile iwekwe chuma hakuwa ameshuka mlima huo hata mara moja, majira ya joto wala ya baridi.

"Bibi! Umekujaje?"

"Kwa makalio, pale penye barafu," akasema. "Nipishe nikae. Uko hai?"

"Niko hai."

"Na hali yako?"

Du-sik alitaka kusema nzuri, kama watu wote wanavyosema. Badala yake akageukia sufuria. "Mbaya, Bibi," akasema akiwa amempa kisogo. "Hali yangu mbaya sana."

"Nilijua," Bibi Uljin akasema. "Haya, pakua huo uji."

Wakala uji na kimchi iliyochacha sana. Hakuna aliyetaja utepe. Bibi alilalamika kuhusu chumvi, kuhusu sakafu kutokuwa na moto wa kutosha, kuhusu vumbi, na Du-sik aliongeza moto, akafuta meza. Kisha theluji ilipopungua akampa mgongo, akachuchumaa, Bibi akapanda, akamfunga kwa shuka kama wafungwavyo watoto, wakaanza kupanda. Du-sik alishangaa Bibi alivyokuwa mwepesi. Hakuwa na uzito wa gunia la makaa.

"Sitaweza kuja tena," Bibi akasema karibu na sikio lake. "Usinitegemee. Leo imenichukua saa nzima na nusu, na nusura nife njiani."

"Najua, Bibi."

"Hao wengine nao hawawezi. Punggi ndiyo kabisa."

"Najua."

Wakaenda mpaka kwenye kona ya misonobari, Du-sik akisimama mara kwa mara kuvuta pumzi.

"Ulipokuwa sakafuni," Bibi Uljin akauliza, "ulimwita nani?"

Du-sik akafikiri. "Sikumwita mtu. Nilitafuta jina la kuita, sikulipata."

Bibi akajiweka sawa mgongoni mwake, akakaza mikono shingoni.

"Siku nyingine niite mimi," akasema. "Sitasikia. Lakini niite."

Du-sik akaitikia naam, akaendelea kupanda.